Shati Alilopewa Kiraka

Kama kuna asubuhi ambayo sikutaka kukutwa na mtu wa heshima, ni ile.

Nilikuwa nimechuchumaa uani, mikono imezama kwenye beseni la dawa ya kupe, namwogesha jibwa moja zee ambalo halipendi maji na halifichi hisia zake. Suruali imelowa hadi magotini. Nywele nimezifunga kwa kamba ya mbwa, maana kitambaa changu cha kichwa kilikuwa kimetafunwa na watoto wa mbwa walioachwa getini juzi. Na juu ya blauzi yangu nilikuwa nimevaa shati la mwanamume. Habari ya shati nitaieleza, msinikimbize.

Geti likagongwa.

Kwenye kituo changu cha mbwa waliotupwa geti hugongwa kutwa nzima, na wagongaji nimeshawajua. Jirani wa upande wa kulia hugonga kwa funguo, na anakuja kulalamika kwamba mbwa wamembwekea mgeni wake. Mwenye kutupa watoto wa mbwa hagongi kabisa, anatua gunia na kutimua mbio. Anayerudisha mbwa hugonga polepole kwa aibu, na sababu anayo mdomoni. Mmoja aliniambia anamrudisha kwa kuwa anabweka. Nikamuuliza alitaka aimbe. Mwingine alisema mbwa amekuwa mkubwa, kana kwamba mimi ndiye niliyemkuza kwa siri.

Huyu aligonga kwa nguvu, kama mwenye nyumba.

"Shangazi, hebu tazama nani," nikapaza sauti.

"Siwezi, nakoroga," shangazi akajibu kutoka nyuma, kwenye moshi wa sufuria kubwa la chakula cha mbwa. "Kikishika chini utakila wewe."

Huyo ndiye shangazi yangu, dada wa baba. Ndiye aliyenilea, ndiye anayewapikia mbwa wangu, na ndiye anayeniambia kila siku kwamba mbwa hawa watanizeesha bila mume.

Nikainuka mwenyewe, nikafungua geti hivyo hivyo, maji yakinichuruzika.

Mbele yangu alisimama mama mmoja wa makamo, gauni limenyooka utadhani limetoka kupigwa pasi sasa hivi, mkoba kaukumbatia kifuani kama ngao. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini macho yale niliyajua. Ni macho ya Fundi. Nikatamani ardhi ipasuke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Mama Mbwa?"

"Ndiyo, mama. Karibu. Tulikutegemea mchana."

"Najua. Nilitaka nipaone pakoje kabla hapajajiandaa." Akanitazama kuanzia nywele, akashuka, akakwama kifuani. "Hilo shati ni la nani?"

Sasa naeleza.

Fundi ni fundi wa friji. Tulimwita friji letu la chanjo lilipogoma, nami nilikuwa karibu kulia, maana dawa zile zikipata joto zimekwisha. Alilitengeneza mchana ule ule. Kesho yake akarudi. Nikamuuliza kuna nini tena, akasema amekuja kulisikiliza. Friji linasikilizwa? Akakaa mbele yake na kikombe cha chai akilisikiliza mpaka jua likapungua. Siku nyingine alikuja kunyoosha bawaba ya banda. Siku nyingine akakosa hata kisingizio, akaja hivyo hivyo, akashika ufagio, akafagia. Mwanamume anayefagia kinyesi cha mbwa huku anapiga mluzi, jamani, wewe ungefanyaje? Nilimpenda. Nilimpenda na sikumwambia, naye hakuniambia, tukawa tunazungumza habari za minyoo na chanjo kama wazee wa baraza.

Halafu akaomba kumchukua Kiraka.

Kiraka ni mbwa jike mwenye doa jeusi jichoni. Nyumba mbili zimeshamrudisha, kwa sababu akifika mahali pageni analia usiku kucha. Kwa mbwa wa namna hiyo nina utaratibu wangu. Anayemtaka analeta nguo aliyoivaa bila kuifua, tunaiweka anapolala mbwa, ili siku ya kuondoka aende kwa mtu ambaye pua yake imeshamzoea. Pia mbwa haondoki mpaka kila anayeishi katika nyumba ile aje mwenyewe, amwone, akubali kwa mdomo wake. Fundi alileta shati. Kuhusu mama yake aliniambia ukweli.

"Mama hawapendi mbwa. Akikataa sitalazimisha. Nyumba ni yake, na mimi ndiye mtoto aliyebaki naye."

Alikuwa akisema habari za Kiraka, lakini usiku ule nililala nikijisemea, mama huyu akikataa mbwa, mimi ninayenuka mbwa ataniweka wapi? Na friji lilikuwa limepona. Kiraka akikataliwa, Fundi hakuwa na sababu nyingine ya kuja.

Kuhusu shati kuwa mwilini mwangu, nitasema tu kwamba asubuhi huwa kuna baridi.

"Nimekuuliza," mama akasema. "Hilo shati ni la nani?"

"Ni la mbwa, mama."

"La mbwa."

"Yaani, la Fundi. Lakini alipewa mbwa."

"Kifungo hicho cha pili nimekishona mimi kwa uzi wa bluu, mweupe uliniishia. Usinifundishe nguo, mimi ni mshonaji." Akageuka nyuma. "Wewe, hebu njoo hapa."

Fundi alikuwa ndiyo kwanza anafunga mlango wa pikapu, mkononi ana ukanda mpya wa shingoni wa Kiraka. Akaja mbio. Aliponiona ndani ya shati lake, akasimama. Uso wake ulianza kucheka, kisha ukakumbuka mama yupo, ukaacha.

"Shati lako ulimpa nani?" mama akauliza.

"Nilimpa mbwa, mama."

"Mbwa ana mikono ya kuvalia?"

Fundi akatazama viatu vyake. Nami nikatazama vyangu, ambavyo vilikuwa vimejaa povu.

Hapo ndipo shangazi alipotokea na mwiko wake, jasho linamtoka. "Karibu mama mwenzangu, karibu sana. Huyo usimwulize, mimi ndiye shahidi. Kila asubuhi namwambia, mwanangu vua hilo shati, utamchanganya mbwa. Anasema baridi. Jua limewaka hivi, nguo zinakaukia mwilini, yeye baridi."

Kuna siku namwombea shangazi yangu koo limkauke.

"Mleteni huyo mbwa," mama akasema. "Nimwone, nimalize nilichojia."

Nikaenda kumfungua Kiraka. Nilipomwinamia kumfunga kamba alinilamba sikio, na mimi nikamnong'oneza, leo tafadhali usilie, tuko mimi na wewe. Tulipotoka, mama alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mkoba kaushusha kufunika magoti. Uso ulikuwa mkavu, ila macho yalikwama kwenye meno ya Kiraka, nikaelewa kwamba kutopenda kwake si kiburi. Alikuwa anaogopa, na alikuwa amekuja hivyo hivyo kwa sababu mwanawe alimwomba.

Nikafupisha kamba. "Hatasogea, mama. Nimemshika."

"Amekonda."

"Alikuja hapa akiwa mifupa mitupu."

"Mpeni mwenyewe basi, nione."

Fundi akachuchumaa hatua chache mbele, akaita, "Kiraka, njoo, twende nyumbani."

Kiraka akatikisa mkia. Kisha akakaa juu ya miguu yangu.

"Njoo bwana," Fundi akabembeleza. Kiraka akamtazama kwa mapenzi yote ya duniani, na hakuinua hata kucha.

"Shati," shangazi akasema kwa sauti ndogo. "Si nilisema?"

Nikavua shati, nikabaki na blauzi yangu iliyolowa, nikampa Fundi. Vidole vyetu vikakutana kwenye kola, na kwa kitambo hakuna aliyevuta. Mama akakohoa. Fundi akalivaa, akaita tena. Kiraka akamkimbilia, akamnusa kifua, mkia ukizunguka kwa furaha. Halafu akakumbuka kitu. Akarudi kwangu, akaikamata suruali yangu kwa meno, akavuta. Sikwenda. Akarudi kwa Fundi, akanusa shati, akarudi kwangu. Mkia ukaanza kushuka. Akasimama katikati yetu, akaanza kulia ule mlio wake mwembamba uliozifanya nyumba mbili za watu zimrudishe.

Mbwa wengine wakadakia, banda zima likalia. Ng'ambo ya ukuta nikasikia jirani akitafuta funguo zake.

Mimi kazi hii naijua. Sikuhitaji mtu wa kunieleza nilichokuwa nakiona, na kilinikata maini. Nikapiga magoti, nikamkumbatia Kiraka mpaka akatulia.

"Mama," nikasema, "mbwa huyu haondoki leo. Kosa ni langu. Shati liliwekwa ili limfundishe harufu ya nyumba yenu. Mimi nikawa nalivaa, jioni nalirudisha. Nimemfundisha vibaya. Sasa anajua kwamba mimi na mwanao ni nyumba moja."

Shangazi akaushusha mwiko.

"Ulifanya bila kujua?" mama akauliza.

Nilikuwa na jibu tayari. Ningesema ni baridi, ningesema ni haraka za asubuhi, mikono imejaa vyombo, nikajitupia shati nisilibebe. Angekubali, au angejifanya kukubali, na kila mtu angeondoka na heshima yake. Nikamtazama Fundi. Alikuwa amelishika shati lake kifuani, ananisubiri, macho hayapepesi.

"Siku ya kwanza ilikuwa baridi," nikasema. "Siku zilizofuata nilikuwa najua ninachofanya. Nampenda mwanao, mama. Sikuwa na kitu chake kingine cha kukaa nacho."

Ukanda ukamdondoka Fundi mkononi.

"Hujawahi kuniambia," akasema.

"Hujawahi kuniuliza. Ulikuja kusikiliza friji."

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

"Miezi yote hiyo?"

"Nikianza kusema, unaniuliza kama nimenawa mikono."

"Na wewe umesimama hapo kama nguzo," mama akamgeukia. "Mwenzako ameshasema mbele za watu, tena mbele yangu mimi. Wewe ulimi umeuacha kwenye gari?"

Fundi akavuta pumzi. "Nampenda, mama. Friji lilipona siku ile ile ya kwanza. Nimekuwa nakudanganya."

"Hukunidanganya hata siku moja. Wewe ukishatengeneza friji la mtu hatukusikii tena kwake. Nikasema, ni friji gani hili lenye ugonjwa wa kudumu?" Akanigeukia. "Sasa nisikilize, binti. Umenieleza lako, nami nikueleze langu. Mbwa siwapendi, na sitawapenda. Nilikimbizwa na mbwa nikiwa mdogo, nikaanguka, akanisimamia hapa kichwani mpaka watu wakaja. Hadi leo nikimsikia mbwa anahema nyuma yangu magoti yanalegea. Halafu nakula kwa kushona. Unyoya mmoja wa mbwa kwenye gauni la bibi harusi, na jina langu limekwisha. Nilimwombea mwanangu apate mke mwalimu, karani, muuza duka, yeyote. Ukawa wewe. Niambie wewe mwenyewe, ukiwa mimi ungefanyaje?"

Alikuwa anauliza kweli. Hakunitukana, hakunibeza, na kwa hiyo nikashindwa hata kumkasirikia.

"Ningeogopa," nikasema. "Sitakuomba uwapende, mama. Mimi mwenyewe kuna siku siwapendi. Nikija kwako nitakuwa nimeoga hapa na kubadili nguo hapa. Kiraka hatakanyaga chumba chako cha kushonea, wala hatakuwa nyuma yako bila mtu kumshika. Hayo naweza kuahidi na nikayatimiza. Lakini kazi hii sitaiacha. Nikikuambia nitaiacha nitakuwa nimeanza na uongo, na mwanao ndiye atakayeulipia."

Machozi yalikuwa yananilenga, nikayakataza. Niliona kabisa kwamba huenda nimempoteza kwa sentensi ile ya mwisho. Ningeweza kuimeza, wala nisingekuwa wa kwanza. Lakini ningeanzaje maisha na mtu huku nimeacha nusu yangu nje ya geti?

Mama akageuka. Akatazama vizimba, sufuria linalochemka, jibwa zee lililotoroka kwenye beseni na sasa linajikaushia kwenye magunia yangu safi. Akamtazama mwanawe.

"Umewahi kumwambia aiache?" akamuuliza.

"Hapana, mama."

"Utakuja kumwambia?"

"Hapana. Nilimpendea hapa hapa, akigombana na mtu aliyerudisha mbwa."

Mama akaguna. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea kabisa. "Mkubwa wako nani hapa?"

Shangazi alishaweka mwiko chini. Alifuta mikono kwenye kanga, akanyoosha mgongo, na ghafla akawa mtu mwingine, mrefu zaidi. "Mimi hapa, mama. Baba yake na mimi tumbo moja."

"Basi tafuta pa kukaa tuzungumze. Nyie wawili nendeni mkamalize kuosha mbwa, haya hayawahusu."

"Hayatuhusu vipi, mama?" Fundi akasema.

"Nenda."

Tukaenda. Shangazi alipindua ndoo mbili, akafuta moja kwa upindo wa kanga akampa mgeni, wakakaa chini ya kivuli cha paa la bati. Sisi tukamkamata jibwa letu, tukarudi kwenye beseni. Fundi alikunja mikono ya shati lile lile na kutumbukiza mikono kwenye dawa bila kuuliza.

"Una sabuni shavuni," akasema.

"Iache."

"Siwezi kuiacha." Akaifuta kwa mgongo wa kiganja, akaongeza nyingine zaidi. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliziona kope zake zilivyolowa.

"Wanasema nini?" nikanong'ona.

"Mama anauliza kama unajua kupika."

"Shangazi anasemaje?"

Akasikiliza, kichwa kakiinamisha upande, namna alivyokuwa akilisikiliza friji. "Anasema mbwa hawajawahi kulalamika."

Nikacheka, kisha kicheko kikaniishia. Chini ya maji mkono wake uliukuta wangu, ukaushika, na jibwa likatulia kana kwamba limeelewa.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Sana. Wewe?"

"Mimi nilianza kuogopa siku uliyonifungulia geti."

Nikageukia ndoo zile mbili. Miaka yote hii mimi ndiye ninayewahoji watu. Mimi ndiye ninayewatazama machoni na kuamua nani anafaa kumpeleka mbwa wangu nyumbani, na mbwa wanakaa kwenye vizimba wakitutazama midomo, hawajui tunasema nini, wanajua tu ni habari zao. Asubuhi ile nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya beseni, natazama midomo ya wanawake wawili walioketi juu ya ndoo. Shangazi aliinua mkono, akaushusha. Mama akatikisa kichwa. Shangazi akasema neno refu. Mama akafikiri. Kisha wote wawili wakageuka na kunitazama.

"Wewe binti," mama akaita. "Njoo."

Nikafuta mikono kwenye suruali, nikaenda. Kiraka naye akanifuata, kamba inaburura chini. Nikasimama mbali kidogo, nikaikanyaga kamba ili asimsogelee mtu aliyekuwa na haki ya kuogopa.

"Nani amekwambia usimame huko?" mama akasema. Akaipapasa ardhi kando ya ndoo yake. "Kaa hapa. Kuna mambo ya nyumbani kwetu ambayo inabidi uyajue kabla hujaja."

Nikamtazama Kiraka, nikamtazama yeye. "Na huyu, mama?"

Akapima kwa macho umbali wa kutoka kwa Kiraka hadi viatu vyake.

"Kwani anakaa wapi akiwa na wewe?"

"Miguuni."

"Basi."

Nikakaa. Kiraka akajizungusha, akajilaza juu ya miguu yangu, pumzi yake ikifika kwenye viatu vya mama. Mama akavuta upindo wa gauni lake juu kidogo, lakini hakuhama.